Wimbo Uliokimbia Mno

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024. Asubuhi hiyo ukungu ulifunika mtaa wa Mabanga, na baridi iliuma masikio. Kama kila Jumamosi, vijana walikusanyika ili wakimbie pamoja hadi Kituku, kando ya ziwa, huku wakiimba. Mmoja huanzisha wimbo, wengine huitikia kwa makofi, na miguu yote hufuata.

Christa, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na donge moyoni. Wiki iliyopita Cédrick, mmoja wa wakimbiaji hao, alimcheka mbele ya wote: "Christa, hata kuku ya jirani inakupita!" Tangu hapo alijizoeza kila alfajiri, akimwomba Mungu ampe nafasi ya kulipiza. Alijua sala hiyo si njema, lakini aliirudia.

Sasa zamu ya kuongoza wimbo ilikuwa yake.

Alianza polepole. Kisha, kidogo kidogo, akauharakisha wimbo. Mwanzoni hakuna aliyetambua. Makofi yalienda mbio, na miguu nayo. Kando yake, Cédrick alianza kuhema, akaacha kuitikia.

"Ee, Papa Nguvu!" Christa alimtania. "Sauti imeenda wapi?"

"Ongeza tu! Siogopi mutoto mwanamke."

Christa akaongeza. Kisasi kilikuwa kitamu kama asali. Walipokaribia ziwa, Cédrick aliyumba, akaanguka juu ya mawe makali ya volkano, akatapika. Goti lilichanika, na uso wake ukawa rangi ya majivu.

"Mama Gisèle!" Christa alipiga kelele. Utamu wote ulimtoka.

Mama Gisèle, muuguzi aliyekimbia nao, alimketisha Cédrick, akamfunga goti kwa kitambaa chake, akangoja pumzi itulie. Kisha akauliza, "Wimbo uliharakishwa kwa makusudi?"

Christa angeweza kukana. "Ndiyo, Mama, ni mimi. Nilitaka aaibike kama mimi."

"Sikilizeni, wanangu. Kila mwili una mwendo wake, ule usiomaliza nguvu upesi. Mwili ukiachwa huru, huuchagua mwendo huo wenyewe. Lakini wimbo huvuta miguu, mkausahau mwili. Ukishindwa kuitikia, mwili unakuomba upunguze. Cédrick, kiburi kilikuziba masikio. Nawe Christa, mwenye kuongoza wimbo ameshika pumzi za wenzake. Usizitumie kulipiza."

"Na ile ya kuku, unisamehe," Cédrick alinong'ona.

Christa alisimama katikati ya wenzake, akainua mkono, akasema kwa sauti, "Mbele ya Mungu na mbele yenu wote, nikiongoza tena, nitaimba kwa mwendo wa yule wa mwisho. Hata akiwa Cédrick!"