Chai Iliyomwagwa Kijitoni

Kijito chote kilikuwa kimeganda, isipokuwa mahali pamoja, upana wa sinia, palipokuwa pakitoa mvuke. Rukaya alipaona akatamani kurudi kwenye gari. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza kushika baada ya miaka saba ya kuhangaika, na Januari ile ya 2018 hata mabomba ya Euless, mji wa ughaibuni walikoishi, yalikuwa yakipasuka kwa baridi. Lakini mumewe, Modestus, alikuwa amechoka kukaa ndani. Akamkokota hadi kwenye hifadhi hii ya msitu, eti wakapunge hewa.

Modestus naye hasikii la mtu. Akakanyaga barafu kwa mbwembwe, ikavunjika, buti likanasa kati ya barafu na jiwe.

"Rukaya, mwaga chai hapa barafu iyeyuke! Mguu unakufa ganzi!"

Rukaya, mzaliwa wa Tanga, alijua fika kwamba maji ya moto hayamwagwi chini kabla ya kusema bismillahi, ili wenyewe wasioonekana wapishe. Alisema hivyo hata kwenye sinki la jikoni, na Modestus, mtu wa Songea, hakuacha kumtania. Leo akaona haya. Akafungua chupa ya chai waliyokuja nayo, akamimina bila bismillahi.

Buti likatoka. Chini ya barafu mtoto akalia.

"Umesikia?" Rukaya alinong'ona.

"Barafu ina-crack tu, mke wangu. Twende."

Lakini hewa ilinuka nywele zilizoungua.

Tangu saa ile mtoto tumboni hakucheza tena. Kliniki wakampa miadi ya keshokutwa. Kesho yake, mchana kweupe, kuta za nyumba zikaanza kulia ka, ka, ka, kama barafu inayokanyagwa, na ile harufu ikaingia chumbani, ikamfuata sebuleni, ikamfuata hadi bafuni, na kila alipoweka kiganja tumboni alikuta ngozi ya baridi, akaogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa maishani, akapiga simu Tanga kwa shangazi yake, mganga aliyezoea mambo hayo.

"Umemuunguza mtoto wa watu," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Rudi sasa hivi na marashi, ukaombe radhi. Radhi tu, mwanangu. Usiahidi kitu. Wale hawasahau neno."

Safari hii Modestus aliendesha bila utani. Rukaya alipiga magoti ukingoni, akanyunyiza marashi, akaomba radhi mara tatu, na badala ya kimya kikaja kile kilio, kwanza mbali, kisha karibu, kisha chini kabisa ya magoti yake, kilio cha mtoto mwenye maumivu anayetafuta mama, hadi maneno yakamponyoka:

"Niachieni wangu, na wenu nitamlea kama wangu!"

Kilio kikakatika. Tumboni mtoto akapiga teke.

Rukaya alilia huku akicheka. Modestus akapiga ishara ya msalaba, akalibusu tumbo juu ya koti.

Asubuhi yake kliniki, Loice, Mkenya anayepima kwa mashine, alikodolea skrini macho.

"Haiya! Kumbe ni twins? Mbona mara ya kwanza walionaga mmoja pekee?"

Modestus alipiga makofi, akaanza kutafuta simu awapigie wa nyumbani.

"Huyu wa kulia yuko sawa kabisa," Loice aliendelea, sasa kwa kunong'ona. "Lakini wa kushoto... heartbeat yake iko chini sana. Wacha niite daktari."

Rukaya akamshika Loice mkono asiondoke. Pale kwenye skrini yule wa kushoto alikuwa amegeuza uso kumwelekea Rukaya, ametulia, na mkono wake mmoja umelala juu ya shingo ya mwenzake.

"Muache, dada," alisema. "Huyo ndivyo alivyo."