Kijisindano Kilichopinda

Kila siku baada ya masomo, Vaileth na Dotto walipitia dukani kwa mama yake Vaileth kabla ya kwenda nyumbani. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni ya reli ya Kilosa. Ukutani mama huyo, Ida, aliandika kwa rangi ya buluu kwamba hapa wanachapa barua, mikataba na mitihani. Miaka hiyo ofisi zilikuwa zikipunguza watu, na kila aliyekuwa na akiba kidogo alifungua biashara yake. Ida naye alipopunguzwa kazi ya uchapaji hakukaa kulia. Alikwenda Dar es Salaam akarudi na kompyuta ya mtumba.

Ilikuwa kompyuta ndogo ya kubeba, ya kufunua kama kitabu, lakini kioo chake kilikuwa kimepasuka tangu huko ilikotoka. Ndiyo maana iliuzwa rahisi. Ida aliiunganisha na monita ya pembeni, nzito, yenye kisogo kirefu. Waya wa monita uliishia kwenye kichwa bapa chenye safu tatu za vijisindano, na kichwa hicho kilichomekwa nyuma ya kompyuta. Bila monita hiyo huoni hata herufi moja.

Dotto hakuwa ndugu yao. Baba yake, mzee Budeba, alikuwa mfugaji wa Kisukuma mwenye boma upande wa Masanze, na kutoka bomani hadi shuleni ilikuwa safari ya kuchosha hata mtu mzima. Mwezi Januari alimwomba Ida akae na binti yake ili asome, naye akawa analeta maziwa na mchele kila Ijumaa. Wasichana hao walikuwa darasa la sita, dawati moja, kitanda kimoja. Dotto alipenda kompyuta kupita kiasi. Ida alimruhusu kuandika jina lake mara moja kwa siku, kwa sharti kwamba awe amenawa mikono.

Wakati wa masika, Ida alikuwa na sheria ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Radi ikianza kunguruma, nyaya zote zinachomolewa, si ule wa umeme tu, hata ule wa monita. Kisha kioo kinafunikwa kwa kanga nyeusi, maana bibi yake kule milimani alimfundisha kwamba radi hufuata kila kinachong'aa. Mvua ikiisha, mwenye ruhusa ya kurudisha nyaya ni Ida peke yake.

Jumatano moja ya mwezi Machi, Dotto aliandika jina lake, akaenda nyumbani mapema kuanua nguo. Haukupita muda radi ikapiga. Ida akachomoa nyaya, akafunika monita, na mvua ilipopungua akatoka kwenda kuchukua miswada ya mitihani kwa mwalimu mkuu. Mitihani hiyo ya majaribio ya darasa la saba ilitakiwa na shule tatu ifikapo Jumatatu.

"Kaa hapo hadi nirudi," alimwambia Vaileth. "Usiguse kitu."

Vaileth alikaa, lakini mikono yake haikukaa. Ndani ya kompyuta kulikuwa na mchezo wa karata, na mama hakuwapo. Akarudisha waya wa umeme. Akachukua kichwa cha waya wa monita, akakisukuma nyuma ya kompyuta kwenye kivuli. Kikagoma. Akasukuma kwa nguvu zaidi, akasikia kitu kikilegea ndani. Alipokichomoa aliona alikuwa amekigeuza chini juu. Akakigeuza, kikaingia, akawasha. Monita ilibaki nyeusi, na kitaa chake kikageuka kutoka kijani kuwa cha machungwa. Alichomoa kila kitu, akafunika kanga vilevile, akakaa kimya kama mtoto mwema.

Asubuhi iliyofuata Ida aliporudisha nyaya, kitaa kilikuwa kilekile cha machungwa. Ida alizima, akawasha. Alichomoa, akachomeka. Alipuliza vumbi. Kompyuta ilinguruma kama kawaida, lakini ilikuwa kana kwamba haikujua kuna monita mbele yake.

"Nani aligusa hii mashine jana?" aliuliza.

Wasichana walikuwa mlangoni na madaftari yao. Dotto akajibu bila hofu, "Mimi, mama. Niliandika jina langu."

"Ulibonyeza nini kingine?"

"Sikubonyeza kingine."

"Jana asubuhi ilikuwa nzima, ukaigusa wewe, leo imekufa." Sauti ya Ida ilikuwa ya mtu anayewaza mitihani ya Jumatatu. "Kosa ni langu. Mtoto wa kuswaga ng'ombe na kompyuta, wapi na wapi?"

Dotto alimtazama Vaileth. Hakumtazama kwa kumshuku, alimtazama kama mtu anayemtafuta shahidi wake. Vaileth akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Ijumaa mzee Budeba alikuja na dumu la maziwa. Alimsikiliza Ida hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akasema, "Mwanangu hasemi uongo, mama Vaileth. Ila siwezi kumwacha mahali anapoitwa mharibifu. Ng'ombe wapo, atachunga." Dotto alifunga sare zake mbili katika kitambaa, akapanda nyuma ya baiskeli ya baba yake. Maziwa mzee aliyaacha. Usiku huo Vaileth alikuwa na kitanda kizima peke yake, na kilikuwa kipana mno.

Jumamosi alfajiri Ida na Vaileth walipanda basi la Mikumi, kompyuta ndani ya kikapu, monita imeviringishwa blanketi. Huko Mikumi, kando ya barabara kuu, kulikuwa na fundi aitwaye Thadeo, mtengenezaji wa redio na televisheni aliyejifunza kompyuta kwa kusumbuka nazo.

Thadeo hakuwa na haraka. Kwanza alitazama kitaa. "Machungwa maana yake monita ina umeme, lakini haipati picha," alisema. Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, vile vya kuiamuru kompyuta ipeleke picha nje. Kimya. Akazima, akawasha upya waya ukiwa umechomekwa, maana kompyuta nyingine humtambua mgeni wakati wa kuamka tu. Kimya. Akafungua kompyuta, akaweka skrubu moja moja ndani ya kisahani, akasafisha, akafunga. Saa saba mchana bado kioo kilikuwa cheusi. Ida alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akitazama barabarani bila kuona chochote.

Mwishowe Thadeo alivuka barabara, akaazima monita ya nyumba ya wageni iliyokuwa jirani. Alipoiunganisha tu, picha ikaja. "Kumbe kompyuta ni nzima," alisema. Akachukua waya wa monita yao, akaugeuzia kwenye mwanga wa jua. Kijisindano kimoja kilikuwa kimelala kabisa, kimegandamana na ukingo wa kichwa. Alikinyoosha kwa kibano, polepole, huku amezuia pumzi. Akachomeka. Kitaa kikawa kijani.

"Aliyechomeka aligeuza, akalazimisha," Thadeo alisema. "Angesema tu, ingekuwa kazi ya dakika tano. Nimepoteza nusu siku na kufungua mashine nzima kwa sababu ya mtu mmoja aliyenyamaza. Na muwe waangalifu, mama. Chuma hiki kikipinda tena kitakatika."

"Huyo mtoto ameshaondoka kwangu," Ida alijibu.

Hapo ndipo Vaileth angeweza kunyamaza milele. Mashine imepona, mkosaji amepatikana, basi la kurudi li karibu. Alifikiria Dotto nyuma ya baiskeli na sare zake mbili.

"Mama," alisema, "Dotto hajawahi kugusa huo waya. Ni mimi. Nilitaka kucheza karata."

Ida hakumpiga wala hakumgombeza. Ingekuwa nafuu. Alifunga blanketi kwenye monita, na njia nzima hadi Kilosa alitazama nje ya dirisha.

Jumapili baada ya ibada walikwenda Masanze. Walimkuta mzee Budeba zizini akimpaka dawa ndama, na Dotto pembeni ameshika kamba. Vaileth alipiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akasema yote, kuanzia karata hadi kamba ya kiatu. Alilia, na kilio hakikumsaidia kufupisha maneno. Alipomaliza, Ida naye akasema mbele ya watoto, "Dotto, nisamehe. Nilikuhukumu kwa ng'ombe wa baba yako."

Budeba aliifunga chupa ya dawa. "Sikiliza, binti," alimwambia Vaileth. "Hapa kwangu mchungaji akipoteza ndama, simpigi. Namtaka kitu kimoja, aje aseme siku hiyohiyo, kwato zikiwa bado zinaonekana kwenye tope. Tutafuata, tutampata. Akiogopa akanyamaza, usiku mvua inafuta njia, na kesho tunaanza kuwashuku watu wasio na kosa. Kupoteza ndama ni ajali. Kunyamaza ni uamuzi wako mwenyewe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Dotto atarudi akitaka mwenyewe. Simlazimishi."

Dotto aliizungusha kamba mkononi. "Nitarudi," alisema, "kwa sababu ya masomo." Hakusema kwa sababu ya Vaileth.

Mitihani ya shule tatu ilifika Jumatatu jioni, na karatasi za mwisho zilikuwa bado na joto la mashine ya kuchapia. Dotto alirudi dawatini na kitandani, lakini alilala ameelekea ukutani, na Vaileth hakuthubutu kulalamika.

Wiki iliyofuata radi ilinguruma tena. Nyaya zikachomolewa, kanga ikafunika kioo. Mvua ilipokatika, Ida alichukua kile kichwa cha waya, akampa Dotto.

"Rudisha wewe."

Dotto aliufuta mkono kwenye sketi. Alikitazama kichwa upande mpana na upande mwembamba, akakigeuza ipasavyo, kisha akasita. "Mama, na kikipinda?"

"Utaniambia," Ida alisema. "Siku hiyohiyo."

Alilisema neno hilo kwa Dotto, lakini macho yake yalikuwa kwa binti yake. Vaileth aliitikia kwa kichwa, akasogea dirishani ili mwenzake apate mwanga.