Kamera Nne Haikuzima Maiki

Jumamosi moja sokoni Majengo, miguu ya kamera iligonga kikapu cha Loisi, zabibu zikamwagika chini. Mwenye kosa, kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopauka kwa jua, alichuchumaa akaanza kuziokota katikati ya miguu ya watu.

"Hizi zimeshakuwa juisi, dada."

"Basi kunywa," Loisi akamjibu, akajikuta anacheka.

Wiki iliyofuata wakakutana tena kazini, kwenye gari la kurushia mpira kwenye televisheni, kila mmoja akijifanya hakushtuka. Kijana yule, Silvano, alishika kamera namba nne, nyuma ya goli. Loisi alikaa garini mbele ya mtambo wa marudio, ule unaorekodi kamera zote kwa pamoja huku yeye akiirudisha nyuma anayoitaka na kuionyesha polepole. Msimu mzima walipigiana simu mpaka chaji zinakata. Kumpenda alimpenda, hilo tusifichane. Ila neno la ndoa halikuwahi kutajwa.

Ikaja fainali. Loisi alivaa gauni la kitenge cha kijani, hedifoni juu ya nywele zilizosukwa jana, na moyo ulikuwa unamwenda mbio kwa raha. Timu zinapasha misuli, mara akaisikia sauti ya Silvano masikioni. Alikuwa anapiga soga na mwenzake uwanjani, kasahau kuzima maiki.

"Mavuno yakiisha, naoa. Nimeshaamua."

Anaoa nani? Mbona yeye hajaulizwa? Wakati wa mapumziko Silvano alipiga simu, hakupokea. Na kila Mzee Bartolomayo, mwongozaji wao, alipotaka marudio, Loisi alimpa kamera namba mbili, akampa tatu, nne hakuigusa. Ulikuwa utoto na alijua, lakini wivu ulishamshika.

Dakika za mwisho shuti likagonga mwamba, mpira ukadunda chini, kipa akaudaka. Refa akasema goli. Uwanja mzima ukasimama, nusu wanashangilia, nusu wanazomea.

"Loisi, nipe marudio. Umevuka au haujavuka?"

Kamera mbili ilionyesha mgongo wa beki. Tatu, kipa kaziba. Mzee akauliza kama hakuna nyingine, na nchi nzima ilikuwa inasubiri. Loisi akisema hakuna, atakuwa amedanganya, na kazi aliyoipenda kuliko zote ataiharibu kwa mkono wake mwenyewe. Akaifungua nne.

Silvano hakuwa ametikisika hata kidogo. Mpira, mstari, na ukanda wa nyasi katikati yake. Ulikuwa umevuka. Garini watu wakagonganisha viganja kwa furaha.

"Safi sana. Picha ya nani hiyo?" Mzee akauliza, ingawa alijua.

"Ya bwana harusi," Loisi akasema, na wote wenye hedifoni wakasikia.

Kisha Silvano akasema taratibu, "Loisi, nilikuwa namweleza mwenzangu habari zako wewe. Nilikosa tu pa kuanzia kukuuliza."

Machozi na kicheko vikamjia Loisi kwa mpigo. "Mke haombwi kwenye hedifoni. Tafuta mshenga, umtume Hombolo kwa baba."

"Nitakwenda mimi," Mzee Bartolomayo akadakia. "Ila uniambie kabisa, binti yangu, nisije nikaenda bure."

"Hutaenda bure, mzee."