Msindikize Mpaka Akwambie Rudi

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba umetoka Sumbawanga, atacheka, kisha atakuuliza umekuja kwa basi au kwa ungo. Nimeuchoka mzaha huo. Sisi ni watu wa mahindi na ulezi, misa kila Jumapili, na adabu kupita kiasi. Kama kuna kitu kilichomponza binamu yangu Fabiani, si uchawi wa jirani. Ni hiyo adabu.

Fabiani na dada yake Kristiana ni watoto wa shangazi yangu Cornelia. Kazi yao ilikuwa kuongoza wapanda milima, wale watu wanaolipa ili wachoke. Siku nne kwa miguu, kutoka Sumbawanga mpaka Mwimbi, na kila jioni mnalala kwenye hosteli ndogo iliyo njiani. Kristiana alitangulia, Fabiani alifunga msafara. Mwezi wa saba mwaka juzi walitoka na wageni watano. Shangazi hakuwahi kuipenda kazi ile. Alimwambia Kristiana mbele yangu, "Huyu ni kitindamimba wangu. Umeondoka naye, urudi naye."

Siku ya kwanza jua lilikuwa zuri. Wageni waliimba, wakapiga picha za kila kichuguu, na kufika jioni walikuwa wanalia malengelenge.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, ukungu ulishuka. Kristiana akaamuru kila mtu ashike begi la aliye mbele yake. Ndipo nyuma yao yakasikika makofi. Yalikuwa ya taratibu, ya viganja vilivyokunjwa. Kwetu ndivyo mtu mwenye heshima anavyosalimia, amechuchumaa, hasa akiwa mbele ya mkubwa wake. Fabiani hakumwona mpigaji, lakini salamu haiachwi hewani. Akachuchumaa, akajibu kwa makofi, akasema tunavyomwambia kila mpita njia aliye peke yake: "Karibu, tufuatane."

Hakutokea mtu. Wakaendelea na safari.

Kwenye hosteli ya pili, mhudumu alisimama mlangoni akimpa kila aliyeingia blanketi moja. Alikuwa nayo manane, yakaisha. Wao walikuwa saba. Kristiana akapita kitanda hadi kitanda, akakuta kila mtu ana blanketi moja tu.

"Nimempa kila aliyeingia," mhudumu akasema, na alikuwa ameanza kukasirika.

Siku ya tatu Fabiani aliacha nafasi yake ya nyuma, akamfuata dada yake mbele.

"Dada," akanong'ona. "Mimi si wa mwisho."

"Umemwona mtu?"

"Sijamwona. Nikisimama, anasimama."

Wakabadilishana nafasi. Kristiana akakaa nyuma, asisikie kitu. Fabiani akatangulia, na bado akasikia mtu anahema karibu na sikio lake. Mchana wakakutana na Malimi, mfugaji wa Kisukuma, akiswaga ng'ombe. Ng'ombe wakagoma kupishana nao. Wakarudi nyuma wakikoroma, mpaka mmoja akaanguka korongoni. Malimi hakuhangaika naye. Alikuwa anamtazama Fabiani.

"Huyo bibi uliyemshika mkono," akauliza, "anaumwa?"

Fabiani akautazama mkono wake wa kushoto. Tangu asubuhi ulikuwa wa baridi.

Hosteli ya tatu inatunzwa na mama mmoja anaitwa Fortunata. Aliwapokea wageni, akampokea Kristiana, lakini Fabiani alizuiwa kizingitini.

"Umemkaribisha nani, baba?"

"Sijui, mama. Alinisalimia."

Mama Fortunata akashusha sauti. "Uliyemkaribisha hafukuzwi. Anasindikizwa. Kesho asubuhi umtoe kwa heshima, umsindikize mpaka yeye mwenyewe akwambie rudi. Asipokwambia, usirudi."

"Na asiposema kabisa?" Kristiana akauliza.

Mama Fortunata akageuka, akaanza kusugua sufuria.

Fabiani alilala kwenye jiko la nje. Asubuhi ukungu ulikuwa pale pale. Akaondoka bila begi, mkono wa kushoto ameuinua kidogo, kama mtu anayemwongoza kikongwe. Akamezwa na ukungu. Kristiana akatoa rozari, akaanza kusali. Aliogopa kusikia sauti ya huyo bibi na aliogopa kutoisikia. Hakuwa amemaliza fumbo la pili, Fabiani akatokea ukunguni, anatabasamu.

"Amekwambia rudi?"

"Si unaniona nimerudi?"

Kristiana akamkumbatia, akalia. Leo anakiri kwamba hata wakati ule alijua hilo halikuwa jibu. Alikuwa ameahidi kurudi na mdogo wake, na mdogo wake alikuwa amesimama mbele yake. Akaridhika. Jioni walifika Mwimbi, na kesho yake wakarudi Sumbawanga kwa gari.

Siku tisa Fabiani alikaa kwa mama yake. Alikula vizuri. Alichota maji, akapasua kuni, akasalimia mtaa mzima. Siku ya kumi ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa pale, tunakula chakula cha mchana, simu ya Kristiana ikaita. Mama Fortunata. Kristiana akaiweka sikioni, nami nilikuwa nimebanana naye kwenye benchi, kwa hiyo nilisikia.

"Mdogo wako amefika hapa. Amechoka sana. Anauliza mbona hamkumsubiri."

Kisha sauti nyingine, imekauka, lakini ni ya Fabiani. "Dada. Ndiyo kwanza ameniambia rudi. Nakuja."

Ng'ambo ya meza, Fabiani alikuwa anafinyanga tonge la ugali. Hakuinua kichwa.

"Nani?" akauliza.

"Mtu amekosea namba," Kristiana akasema.

Jumanne walipiga kutoka hosteli ya pili. Amefika, atalala hapa na kuondoka alfajiri. Kristiana akachukua pikipiki kwenda kumkatiza njiani, lakini njia ya milimani haifuati barabara. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Jumatano walipiga kutoka hosteli ya kwanza. Amefika. Miguu imevimba.

Na huyu wa nyumbani aliacha kula. Alihamisha kigoda mlangoni, akakaa akiitazama njia.

Ikabidi shangazi aambiwe. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliniita jikoni, akanishika kanga.

"Mwanangu akibisha hodi," akanong'ona, "na huyu yuko ndani. Nimfungulie yupi?"

Nikachochea moto.

Alhamisi simu ililia mapema. Ametoka saa kumi na mbili. Kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo wa saa sita. Tukakaa. Saa tano na nusu, wa nyumbani akasimama, akafunga vifungo vya shati.

"Mama," akasema, "naenda kumpokea."

Akatoka. Hatukumzuia. Nasema ukweli, niliona ahueni.

Shangazi ndiye aliyekimbia kwanza. Tukamfuata, tukapita nyumba za mwisho, tukafika kwenye kona ambapo njia ya milimani inaingia mjini. Ukungu haukuwapo, jua lilikuwa kali, unaona mpaka ng'ambo ya bonde. Hapakuwa na mtu. Tangu siku hiyo hatujamwona Fabiani, si huyu wala yule.

Katikati ya njia palikuwa na jozi mbili za buti, zimeelekeana, ncha kwa ncha. Fabiani alikuwa na jozi moja tu. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshonwa na fundi wa sokoni kwa uzi wa kijani, kwa sababu mweusi ulikuwa umemwishia. Jozi zote mbili zilikuwa na uzi wa kijani, mguu wa kushoto.

Shangazi akapiga magoti. Akaingiza mkono ndani ya jozi ya kwanza, kisha ya pili, akarudia tena, akitafuta ya mwanawe.

Zote mbili zilikuwa bado na joto.