Kiti cha Mtu Asiyekuwepo

Wekoye alikuwa fundi wa kinu cha kusaga mahindi mjini Kitale. Kila jioni saa kumi na moja alirudi nyumbani akiwa mweupe kwa unga, kuanzia nywele hadi viatu. Watoto wa jirani walimwita mzungu wa unga. Naye aliwafukuza kwa kofia yake, wakacheka wote.

Mkewe aliitwa Edah. Kwao kulikuwa Malakisi, kule wanakolima tumbaku. Walioana mwaka wa 1981. Edah alikuwa mtu wa sauti ndogo na mpishi mzuri, na uwanja wake ulifagiliwa mpaka barabarani. Lakini alikuwa na tabia moja.

Wekoye akishafika na kukaa kwenye kiti chake, Edah alisimama mbele yake. Alifumbata mikono tumboni. Aliangalia chini. Halafu alisimulia siku yake yote.

“Asubuhi nilienda bombani. Nilimkuta Mama Kabura. Tuliongea juu ya mvua. Saa nne nilienda dukani. Mwenye duka alinisalimia, nikaitikia. Sikusimama. Njiani kulikuwa na wanaume wawili na baiskeli. Siwajui. Hawakuniongelesha.”

Wekoye hakuwa amemwambia afanye hivyo. Lakini alifurahi. Alijisifu kazini, na wenzake wakamwonea wivu.

“Wewe bana umeoa,” walimwambia. “Wangu hata sijui saa hii ako wapi.”

Majirani nao walisema msichana huyo amefunzwa heshima kwao. Hata mimi ninayewasimulia ningesema hivyo hivyo, na ningekosea.

Jioni moja Wekoye alikuwa amechoka sana. Edah alipofika kwenye habari za dukani, yeye alikuwa anakoroma. Alipoamka, chakula kilikuwa kimepoa mezani. Edah alikuwa bado amesimama palepale, mikono imefumbatwa, macho chini.

“Si nilikuwa nimelala?” Wekoye aliuliza.

“Ndiyo. Sikuwa nimemaliza.”

Akaanza upya, kutoka bombani. Maneno yalikuwa yaleyale, hata moja halikubadilika. Wekoye aliogopa, lakini hakujua anaogopa nini. Alikula, akaenda kulala.

Mwaka wa 1983, mwezi wa Novemba, Edah alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto hakuwa na jina bado. Walimngoja mama yake Wekoye, Kukhu Dinah, aje kutoka Kanduyi. Kukhu ni nyanya kwa lugha yao, na nyumbani kwao nyanya ndiye mwenye neno kuhusu majina.

Mtoto alipofikisha majuma mawili, Wekoye alitumwa Moi's Bridge kutengeneza kinu kilichoharibika. Alimaliza kazi siku moja mapema. Akarudi nyumbani saa kumi na moja, jua likiwa bado kali. Alipofika karibu na dirisha, alisikia sauti ya mkewe. Alidhani kuna mgeni, akasimama asikie ni nani.

Sauti ilikuwa ya Edah, lakini ilikuwa nyembamba, kama ya msichana wa shule.

“Saa nne nilienda kliniki. Sista alimpima mtoto.”

Kimya.

“Hapana. Alikuwa mwanamke.”

Kimya tena, kwa muda wa mtu kuuliza swali.

“Hapana, sikucheka. Nilionyesha meno kidogo tu. Nisamehe.”

Wekoye alichungulia. Kiti kilikuwa kimegeuzwa kuelekea mlangoni. Hapakuwa na mtu juu yake. Edah alikuwa amesimama mbele ya kiti hicho kitupu, mikono imefumbatwa. Mtoto alikuwa kitandani, macho wazi, ametulia kabisa.

Wekoye alisukuma mlango. Edah aligeuka. Hakushtuka. Alimwangalia mumewe, akainamisha kichwa, akaanza tena. “Asubuhi nilienda bombani.”

Kukhu Dinah alifika Jumatatu. Aliambiwa habari yote, na jioni akajionea mwenyewe, kwa maana Wekoye alichelewa kazini makusudi. Mama huyo aliona kiti kitupu na mkaza mwanawe amesimama mbele yake. Hakupiga kelele. Alingoja mwanawe arudi, akamwita uani.

“Pale kwa kiti kuna mtu anakaa,” alisema. “Ni mtu alikufa. Anataka jina. Mtoto akipewa jina lake, ataondoka.”

Jambo hilo si geni kwao. Wazee wanajua kwamba marehemu anaweza kuisumbua nyumba mpaka mtoto aitwe jina lake. Mimi siicheki desturi hiyo. Watu wengi wema wanaitwa majina waliyoyapata kwa njia hiyo.

Kukhu akaingia ndani, akamshika Edah begani. “Mwanangu, huyo mtu wa kiti ni nani? Sema, usiogope.”

Edah aliangalia kile kiti. Halafu akasema kwa kunong'ona, “Jotham.”

“Basi mtoto ataitwa Jotham. Jumamosi tutachinja kuku.”

Edah alifungua mdomo, akaufunga. Katika maisha yake hakuwahi kumwambia mtu hapana.

Tangu siku hiyo mambo yaliharibika. Maziwa yake yalipungua. Alimnyonyesha mtoto huku akiangalia ukuta. Alhamisi asubuhi Wekoye alirudi kuchukua spana aliyoisahau. Alimkuta Edah amesimama kando ya kitanda cha mtoto. Mikono ilikuwa imefumbatwa.

“Asubuhi nilienda bombani,” Edah alikuwa akimwambia mtoto wake. “Nilimkuta Mama Kabura. Sikusimama sana.”

Wekoye aliiacha spana. Alikimbia mpaka nyumba ya tatu, alikokaa Sista Jepkemboi, muuguzi wa kliniki. Siku hiyo Sista hakuwa na zamu.

“Sista, njoo,” alisema huku anahema. “Mke wangu anapotea na mimi naona.”

Sista Jepkemboi alikuwa mama mnene mwenye kicheko kikubwa, lakini siku hiyo hakucheka. Alikipita kile kiti, akaketi mkekani karibu na Edah. Alisikiliza maneno ya Kukhu mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

“Edah, huyo Jotham alikufa lini?”

Edah aliinua macho. “Nani alisema amekufa? Jotham ako Malakisi. Ana bibi na watoto wawili.”

Kuku alisikika akiparua nje.

“Ati nini?” Kukhu alisema. “Nilikuwa nataka kuchinjia kuku mtu anakula ugali kwake?”

Sista Jepkemboi hakumwondolea Edah macho. “Tuambie,” alisema. “Hakuna mtu hapa atakasirika.”

Na Edah akasema. Alipokuwa na miaka kumi na sita, alikuwa na rafiki wa kiume. Jotham alikuwa na miaka kumi na tisa. Kila siku saa kumi na moja alimngoja Edah nyuma ya banda la kukaushia tumbaku. Alikuwa na kiti chake hapo. Yeye alikaa, Edah alisimama. Alitaka kujua Edah ametoka wapi, ameongea na nani, amecheka na nani. Edah akisahau kitu, Jotham alimpinda kidole. Siku nyingine hakumgusa. Alinyamaza tu, siku tatu, siku nne, mpaka Edah alipomlilia amsamehe kosa asilolijua.

“Na wenzako walisemaje?” Sista aliuliza.

“Walisema nina bahati. Ati akiwa na wivu, ndio anakupenda.” Edah alifuta macho kwa kanga. “Ilikuwa miaka mitatu. Hakuna mwingine alikuwa amenipenda. Nikajua kupendwa ni hivyo. Nilipoolewa, nikaendelea. Nisiposema, nasikia ananyamaza. Hata kama hayuko, namsikia ananyamaza.”

Wekoye aliinama, akashika kichwa. Aliona haya na uchungu pamoja.

“Sikieni,” alisema Sista Jepkemboi. “Hii si pepo, na Edah hana wazimu. Urafiki wa kwanza wa kijana ni kama darasa. Pale anasoma vile watu wawili wanaishi pamoja. Mwenye alipata rafiki wa heshima, anajifunza kusema anachotaka, kukataa, kukosana na kupatana. Akiingia kwa ndoa, anaingia na hiyo elimu. Mwenye alifunzwa kuogopa, anaingia na uoga, hata kama bwana ni mzuri. Mwili unakumbuka.”

“Kwa hivyo ataishi hivi siku zote?” Kukhu aliuliza.

“Hapana, Kukhu. Kile mtu alijifunza, anaweza kujifunza kingine. Naona akina mama kliniki, walianza vibaya na sasa wako sawa. Lakini hawezi pekee yake.” Akamgeukia Wekoye. “Wewe, ulipoona anasimama mbele yako kama askari, ulifanya nini?”

“Sikumlazimisha, Sista.”

“Sijauliza hiyo.”

Wekoye alikohoa. “Nilifurahi. Shuleni tuliambiana msichana asipokwambia anakoenda, ako na mwingine. Nikaona wangu anasema. Nikakaa nikasikiliza.”

“Unaona? Na wewe ulikuwa na darasa lako,” alisema Sista. “Uliketi kwa kiti cha Jotham na hukujua.”

Neno hilo lilimchoma Wekoye. Alisimama, akakibeba kiti, akakipeleka jikoni. Kukhu akaweka sufuria mbili juu yake.

Sista aliwapa kazi ya kufanya. Wekoye akirudi jioni, akae mkekani pamoja na mkewe, na yeye ndiye aanze kusimulia siku yake. Asimuulize Edah alikuwa na nani. Edah naye, kila siku, abaki na kitu kimoja ambacho hatamwambia mtu.

“Kama kitu gani?” Edah aliuliza kwa hofu.

“Kitu kidogo tu. Ndege uliona. Wimbo ulisikia. Kiwe chako. Na siku uoga ukizidi, njoo kliniki tuongee. Mlango uko wazi.”

“Na jina la mtoto?” Kukhu aliuliza.

Wote walimgeukia Edah. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa anataka nini.

“Wakhungu,” alisema, “kama baba yake Wekoye. Siku nililetwa kwenu, yeye aliniuliza kama nimechoka na safari. Hakuniuliza nilipita wapi.”

Kukhu Dinah alilia, maana marehemu Wakhungu alikuwa mumewe. Jumamosi kuku alichinjwa, na aliliwa kwa furaha.

Msidhani mambo yalinyooka siku moja. Juma la kwanza Edah alilia kila saa kumi na moja. Mara mbili alionekana jikoni amesimama mbele ya kile kiti chenye sufuria, midomo inacheza. Wekoye hakumkemea. Alimwita mkekani, akamsimulia habari za kinu, mpaka za mikanda na bolti, mambo ya kuchosha kabisa. Siku moja mwezi wa Machi, Edah alirudi sokoni jioni. Alisema, “Nimefika,” akaenda kuwasha moto. Basi. Wekoye aliuma ulimi asiulize. Kutoka jikoni akasikia mkewe anaimba.

Miaka ikapita. Walipata watoto wengine wawili. Mwaka wa 1999, Wakhungu alikuwa kidato cha pili, mrefu kuliko baba yake, na sauti imeanza kuwa nzito. Alikuwa na rafiki wa kike aliyeitwa Chepkemei, wa shule ya jirani. Edah alimjua, akampenda kwa adabu yake.

Jioni moja Edah alikuwa anaosha vyombo jikoni. Alisikia sauti nje.

“Umetoka wapi?”

“Shuleni.”

“Na nani? Ati ulikuwa unachekacheka na Kiptanui. Usinidanganye.”

Edah alichungulia. Jua lilikuwa la saa kumi na moja. Mwanawe alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha zamani, miguu imetanuliwa. Mbele yake alisimama Chepkemei, akiwa na sare yake ya shule. Alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amefumbata mikono tumboni.

Edah aliangalia mikono yake mwenyewe. Ilikuwa inatiririka maji ya sabuni. Nayo ilikuwa imefumbatwa.

Hofu ya zamani ilimrudia. Jina walilikataa, mtoto hakuitwa Jotham, na bado kitu kile kilikuwa kimepata njia ya kurudi, kimekaa kwenye kiti chake. Nani alimfundisha? Wenzake shuleni, kama Wekoye alivyofundishwa na wake. Edah aliitenganisha mikono yake, mmoja na mwingine. Akatoka nje.

“Wakhungu, simama.”

“Mama, tunaongea tu.”

“Nimesikia vile mnaongea. Simama. Hicho kiti ni cha mgeni.”

Kijana alisimama. Edah alikisogeza kiti. “Keti, Chepkemei. Hapa kwangu hakuna mtu anakulazimisha kujibu swali kama hilo. Wala kwingine.”

Chepkemei aliketi, polepole. Edah alitandika mkeka, akakaa na mwanawe. Aliwaeleza wote wawili habari za banda la tumbaku. Hakuficha vidole vilivyopindwa, wala kile kimya cha siku nne. Wakhungu alisikiliza mpaka macho yakamjaa machozi.

“Sikujua, Mama,” alisema. “Pole, Chepkemei.”

“Sasa anza wewe,” Edah alimwambia. “Msimulie siku yako.”

“Mimi?”

“Wewe.”

Wakhungu alikuna kichwa. “Asubuhi nilichelewa paredi. Nikaruka ua. Suruali ikashikwa na miiba, nikabaki nimening'inia, na mwalimu mkuu ndiye alikuja kunitoa.”

Chepkemei alicheka. Alicheka mpaka meno yote yakaonekana, na hakuna aliyemuuliza anacheka na nani.