Bega la Ndunge

— Hii ni ya kuuza?

Bwana shamba, mzungu mwenye mashamba hayo ya kahawa, aliuliza akiwa ameinua kinyago. Ndambuki, aliyekichonga, angejibu ndiyo, angerudi chumbani kwake bila kuguswa. Lakini mapenzi humfanya fundi mjinga wa daraja la kwanza.

— Si ya kuuza, Bwana.

— Umesikia? — Munyao, askari wa shamba, akadakia. — Swara anauza. Twiga anauza. Hii ameifunga blanketi, akaificha chini ya kitanda. Ni ya kiapo.

Mwaka huo wa hamsini na nne, serikali ikiwasaka waliokula kiapo cha Mau Mau, pale Ruiru neno hilo moja lilitosha. Lori la kupeleka watu Thika kuhojiwa lilikuwa uani, injini ikinguruma. Wachumaji kahawa walisimama na vikapu vyao.

Kinyago kilikuwa kichwa cha mwanamke hadi mabegani. Bwana shamba akataka kujua kinafanya kazi gani, kama hakiuzwi wala hakiombwi kitu.

— Hakifanyi kazi, Bwana. Ni cha kutazama tu.

— Hata mimi natazama, — Munyao akacheka, — lakini nalipwa.

Akamsukuma Ndambuki kwenye lori. Ndunge, mmoja wa wachumaji, akaweka kikapu chini. Mama yake, Mbithe, kiongozi wa akina mama kanisani, akamshika mkono.

— Rudi nyuma, mwanangu.

— Niache, mama. Ni mimi huyo.

Munyao akasema sura hufanana. Alijua vizuri sana ni ya nani. Miezi mingi alimpelekea Mbithe sukari akimtaka binti, akijibiwa kwa chai tu.

— Basi tazameni bega, — Ndunge akasema.

Kwenye mti wa kinyago, nyuma ya bega la kushoto, palichongwa kovu la duara. Ndunge akafungua vifungo, akawapa mgongo. Lilikuwa pale pale, uji ulipomuunguza utotoni. Bega hilo halikuwahi kuonwa na mtu ila mama yake. Ndivyo mama yake alivyodhani.

Mbithe akajifunika uso kwa leso.

— Mtaoana, — akasema humo humo ndani. — Na haraka.

Lori likaondoka bila Ndambuki. Bwana shamba akakigeuza kinyago juani.

— Hii si kiapo. Hii iko sanaa.

Akakitia kwapani, akaingia nacho nyumbani kwake. Nani angemwambia kina mwenyewe?

Harusi ikafanyika, watu wakala wakashiba. Ila kila asubuhi Ndunge akienda kuchuma kahawa, hujiona barazani kwa bwana shamba, bega wazi. Na Munyao, aliyeomba mwenyewe kupewa lindo la baraza hiyo, huwa kando ya kinyago, bunduki ukutani, akilipangusa vumbi bega lile kwa kidole. Taratibu. Huku akimtazama Ndunge akipita.