Vuta Mara Mbili

"Mimi sipandi hiyo kitu."

"Hiyo si kitu, omera, ndugu yangu. Huyu anaitwa Dana. Ukimwita kitu tena atakukalia."

Oliver alimtazama farasi, akamtazama Scovia, kisha akamtazama mke wake Mellen kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa yule farasi. Scovia, msichana anayewaongoza wageni wanaojifunza kupanda farasi kisiwani Rusinga, alikuwa ameshika kamba ya farasi mkono mmoja na helmeti mkono wa pili, na hakuwa na haraka yoyote. Dana mwenyewe, jike la kahawia lililopewa jina wanaloitwa nyanya wa Kijaluo, alikuwa anasinzia.

"Baba Joash, jaribu tu," Mellen akabembeleza. "Liz ametuombea hizi siku mbili kwa mdosi wake. Tutamwambia tulikuja kulala?"

Liz, mdogo wake Mellen, ni mpishi katika kambi ile ya wageni. Walifika Jumapili asubuhi, Sabato ikiwa imeisha, wakamwacha mtoto kwa nyanyake.

"Nimeshajaribu mambo mengi, Mama Joash."

"Hujajaribu hata moja tangu utoke hospitali!"

Hapo Mellen alisema kweli, na kweli huuma. Oliver alikuwa mchimba dhahabu kule Osiri, Migori. Mwanamume wa vicheko, aliyezoea kumwita mkewe "Nyar Kisii", binti wa Kisii, mbele za watu bila haya. Halafu mwaka juzi shimo likamwangukia. Mguu wa kushoto ukasagika, akapewa mkongojo. Mguu ulipona nusu. Moyo ndio ulikataa kabisa.

Katika shimo lao wachimbaji walikuwa na lugha yao ya kamba. Aliye chini akivuta mara moja, subirini. Akivuta mara mbili, nivuteni juu. Walio juu wakishaikaza kamba hupaza sauti, "Tumekushika!" na aliye chini akisikia hivyo huuachilia ukuta, kamba ikambeba. Siku shimo lilipoanguka, wanaume walikuwa wameshaanza kuvua kofia. Mellen, aliyekuwa amewaletea chai na mandazi ya kuuza, ndiye aliyeiona kamba ikitikisika mara mbili. Alipiga nduru mpaka wakachimba.

Unafikiri mwanamume alisema asante? Thubutu. Tangu siku ile hakuwahi kusema asante, na lile jina la Nyar Kisii likapotelea mle shimoni.

"Haya," Oliver akasema kwa kununa. "Nipandie wapi?"

"Watu hupandia kushoto," Scovia akajibu, "lakini wewe panda juu ya hili jiwe, upandie kulia. Dana hana maneno."

Mellen alinyoosha mkono kumsaidia. Oliver aliusukuma.

"Niache. Nitapanda mwenyewe."

Alihema, akatokwa jasho, akapanda. Mellen akauchukua mkongojo, akautia begani.

"Kaa wima," Scovia akaanza somo. "Visigino chini. Angalia mbele, katikati ya masikio yake. Na hii hatamu, ishike kama umeshika kifaranga. Ukiivuta, Dana anarudi nyuma. Hiyo ndiyo reverse yake. Umeskia?"

"Nimeskia, mwalimu."

"Simu haikai mfukoni. Mpe mama atupige picha."

Wakaondoka polepole, Scovia mbele na kamba yake, Mellen akitembea kando. Kwa muda mrefu alikuwa amezoea kumwona mumewe akiwa amekaa kitini, kichwa chini. Sasa alilazimika kuinua uso ili amwone, na alimwona mgongo umenyooka kama zamani. Moyo wake ulijaa, akamshukuru Mungu kimyakimya.

Njia ilipanda katikati ya mawe meusi yenye matundu.

"Hizi mawe zilitapikwa na mlima," Scovia akaeleza. "Zamani sana. Hapa tunakanyaga volkeno iliyolala."

"Na ikiamka?" Oliver akauliza.

"Itatupata tumeshafika juu."

Oliver akacheka. Kicheko kidogo, lakini Mellen alikisikia, akageuka haraka ampige picha. Hapo ndipo simu ya Oliver ilipolia mkononi mwake. Ilikuwa namba ya Caleb.

Caleb ni daktari wa kliniki mjini Migori, ndiye aliyekuwa akiufunga ule mguu. Pia ndiye mwanamume aliyetaka kumwoa Mellen kabla Oliver hajatokea. Hayo yalikuwa yameisha, wakabaki kuitana shemeji. Mellen alifikiri ni habari ya dawa, akapokea.

"Oliver, usikate, nisikize," Caleb akaanza kabla hajaambiwa hallo. "Yale maneno ya jana yameninyima usingizi. Unaniuliza kama naweza kumchukua Mellen na mtoto. Ati mkitoka Rusinga wewe unaenda kwenu Karungu, Migori hurudi. Ndugu yangu, mke si ng'ombe wa kuuzwa Ogwedhi, umpeleke sokoni ukiona malisho yameisha. Ongea na yeye. Usipoongea wewe, nitaongea mimi."

Mellen alisimama.

"Oliver? Uko?"

"Ni Mellen."

"Mungu wangu. Shemeji..."

"Asante kwa kupiga, Caleb."

Akakata. Alitembea hadi mbele ya farasi, akamshika Scovia bega.

"Simamisha."

Scovia akasimamisha. Aliziangalia nyuso zao zote mbili, akaelewa kwamba mambo yameharibika.

"Mimi naweza kwenda pale mbele kidogo niangalie ziwa..."

"Ukienda na kamba, farasi atakufuata. Kaa hapo hapo." Mellen akainua uso. "Oliver, Caleb amepiga. Anasema umenigawa."

Oliver alifumba macho.

"Sikukugawa. Nilikutafutia..."

"Ulinitafutia nini? Kazi?"

"Maisha, Mellen! Unaamka usiku kukanda mandazi, unanifunga kiatu, unarudi jioni unanisaidia kuoga. Sokoni wanakuita bibi ya kiwete, unadhani sijui? Caleb ako na kazi. Ako na miguu. Alikupenda kabla yangu."

"Na mimi kuna mtu aliniuliza?"

"Ungekataa."

"Kwa hivyo jibu ulikuwa unajua!"

"Siku ile ungeiacha hiyo kamba!" Oliver akapaza sauti mpaka Dana akageuza masikio. "Ungelia, ungenizika, ungemaliza. Saa hii ungekuwa na maisha yako."

Mellen alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyepigwa kofi.

"Wewe ndiye ulivuta," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa mkono tu. Mimi sikuwa najijua."

Scovia akakohoa.

"Samahanini. Njia hapa ni nyembamba, farasi hawezi kugeuka. Lazima tufike juu ndio tushukie ule upande mwingine. Mnaweza kukosana mkitembea."

Mellen akatangulia pamoja na Scovia ili yule mwanamume asimwone akilia. Alilia kweli, machozi yakiteremka hadi kwenye leso aliyojitanda mabegani. Kila alipokumbuka sauti ya Caleb alihisi aibu, kisha hasira, kisha uchungu tu.

Mbele yao mawe mawili makubwa yalikuwa yamesimama kama kuta, njia ikipita katikati. Mle ndani palikuwa na giza na ubaridi, mbingu ikionekana kidogo sana juu. Dana aliingiza kichwa, akaingiza mabega. Kutoka juu kijiwe kikaporomoka, kikagonga helmeti ya Oliver, na vumbi likamwangukia usoni.

Oliver hakuwa tena Rusinga. Alikuwa Osiri, chini kabisa, mdomo umejaa mchanga.

Akavuta hatamu. Moja, mbili.

Dana alifanya alichofundishwa: akarudi nyuma. Oliver akavuta tena. Moja, mbili. Farasi akatoka kinyumenyume kati ya yale mawe, matako yake yakielekea mahali ambapo njia iliisha na mteremko wa kokoto kuanza.

"Legeza hatamu!" Scovia akapiga kelele. "Omera, legeza!"

Alikaza kamba, mguu ukateleza kwenye kokoto, akaanguka kwa magoti na kamba ikamchomoka kiganjani. Mellen akaidaka mwisho wake.

"Legeza! Mbona anavuta hivyo? Amerukwa na akili?" Scovia akapiga kelele tena.

Oliver hakusikia. Macho ameyafumba, uso umekuwa wa kijivu, na mikono yake inavuta, inatulia, inavuta, inatulia. Scovia aliona mgeni aliyepagawa. Mellen aliitazama ile mikono, na akajua anachoambiwa.

"Tumekushika!" akapaza sauti yote aliyokuwa nayo. "Oliver! Tumekushika!"

Mikono ikafunguka.

Hatamu ikaanguka juu ya shingo ya Dana. Farasi akasimama palepale, ukwato wa nyuma ukiwa ukingoni, kokoto zikiporomoka huko chini. Akapumua kwa nguvu puani.

"Asante Yesu," Scovia akanong'ona. Akainuka taratibu. "Omera, shika nywele za shingo, hatamu achana nayo. Mama, usimvute. Wewe tembea tu, Dana atakufuata."

Mellen akatembea. Aliingia mle gizani na kamba mkononi, akisikia kwato nyuma yake, na kila hatua alisema, "Tumekushika, Baba Joash, tumekushika," mpaka jua likawapiga usoni.

Kule juu palikuwa wazi. Upepo ulikuwa mwingi, ziwa limetanda pande zote, na kisiwa cha Mfangano kilionekana karibu hata ungedhani unaweza kukiita kikaitika. Mellen alisimama, akageuka.

"Umevuta," alisema.

"Niliogopa."

"Umevuta mara mbili. Tena na tena. Hakuna mtu alikuambia." Sauti yake ilitetemeka, lakini hakuacha. "Mtu anayetaka kuachwa chini havuti kamba, Oliver. Siku ile ulivuta, na leo umevuta. Kuanzia sasa mimi nasikiza mikono yako. Huo mdomo wako nimeuchoka."

Oliver alifungua mdomo kujibu, badala yake akalia. Alilia juu ya farasi, mwanamume mzima na helmeti yake, mabega yakiruka.

"Nyar Kisii," akasema.

Jamani, jina lile! Mellen aliziba mdomo kwa leso.

"Nyar Kisii, asante. Asante kwa siku ile. Nilitaka kuvutwa. Nilikuwa nataka sana kuishi, na nilijua kama kuna mtu ataona hiyo kamba, ni wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona nikisema asante, nimekubali kubaki hivi."

"Ubaki hivi na mimi?"

Oliver alipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Nibaki hivi na wewe," alisema. "Kama bado unanitaka. Leo nakuuliza wewe mwenyewe, siulizi mtu mwingine."

"Nakutaka, mjinga wewe. Nilikutaka hata ukiwa kwa hilo shimo."

Scovia alikuwa amegeuka upande, akijifuta macho.

"Huu upepo wa hapa una vumbi," alilalamika.

"Dada, nisamehe," Oliver akamwambia. "Umeumia goti kwa sababu yangu. Asante kwa uvumilivu."

"Mwombe Dana."

Oliver akainama, akampapasa Dana shingoni. "Pole, Dana. Wewe ulifanya kazi yako. Makosa yametoka Osiri." Kisha akanyoosha mkono. "Mama Joash, naomba simu."

Caleb alipokea papo hapo, sauti ikiwa wazi kila mtu asikie.

"Amekuua ama uko hai?"

"Niko hai. Niko juu ya farasi."

"Juu ya nini?"

"Caleb, yale maneno ya jana, nisamehe. Nilikutwika mzigo ambao si wako. Na asante kwa kunikatalia."

"Asante ya nini, na mimi nilikuwa nimeshanyoa ndevu?"

Mellen ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Oliver, kisha Scovia akashindwa kujizuia. Hata Caleb alisikika akicheka kule Migori, ingawa yeye alimaliza mapema kuliko wengine.

"Mungu awarudishe salama," alisema. "Shemeji, huo mguu uniletee Jumatano."

"Tutauleta. Asante, Caleb. Wewe ni ndugu," Mellen akajibu.

Walishuka kwa njia pana ya upande wa ziwa. Scovia alimwachia Mellen kamba, akawa anatembea nyuma akichechemea na kuwakosoa: visigino chini, omera, visigino! Oliver aliuliza kama kesho asubuhi kuna nafasi nyingine. Scovia akasema kwa Dana ipo, lakini kwa yale mawe mawili watazunguka.

Wakafika kwenye jiwe la kupandia. Hapa ndipo Oliver alipousukuma mkono wa mke wake wakati wa kupanda. Mellen hakuwa amesahau, kwa hiyo hakuunyoosha. Alisimama tu kando ya farasi, mkongojo begani, akamsubiri mwanamume ashuke mwenyewe kama kawaida yake.

Oliver alilitazama jiwe. Akautazama mguu wake. Kisha akainama, akashika ncha ya leso iliyokuwa begani mwa mkewe, akaivuta taratibu. Moja, mbili.

Mellen akautupa mkongojo chini, akainua mikono yote miwili.

"Nimekushika," alisema.

Oliver akaliachilia tandiko.